Fundi Anajibu: Umeme wa upepo unataka mafundi wa aina gani?

Mwezi huu maswali yamekuja mengi ya kazi za ujenzi wa mitambo ya umeme wa upepo, nadhani kwa sababu watu wanasikia habari za Singida na Makambako ambako miradi imepangwa siku nyingi, na wengine wameona video za Kenya. Nimechukua machache ya kwetu kusini, mengine nimeyafupisha kidogo. Tuanze.

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Mi nimemaliza form four hapa Tandahimba, matokeo sio mabaya sana ila advance sijachaguliwa. Nimeona ile mitambo mirefu yenye mapanga matatu nikaipenda sana, nataka niwe fundi wa hiyo mitambo. Chuo kinachofundisha ufundi wa upepo ni kipi, na je huku kwetu kipo? Baba anasema korosho zikiuzwa atanilipia ada. (Kijana wa Tandahimba)

JIBU: Waaleikum salaam mdogo wangu. Kwanza mshukuru mzee, hela ya korosho ina kazi nyingi na yeye ameamua iende kwenye ufundi wako.

Sasa nisikilize vizuri, usianze kwa kutafuta chuo cha ufundi wa upepo. Mtambo ule unajengwa na mafundi wa fani zilezile unazozijua, halafu juu ya fani yao wanaongezewa mafunzo ya kupanda juu, usalama na kufunga bolti kubwa. Asiye na fani hata akipewa hayo mafunzo ya kupanda anabaki kibarua anayejua kupanda.

Ngoja nikueleze kazi inavyokwenda ndio utajua pa kuingilia. Inaanza barabara, maana panga moja ni refu kuliko lori na kona ya kawaida halipiti, kwa hiyo wa kwanza kufika saiti ni waendesha greda na ekskaveta na mafundi wao. Halafu msingi. Msingi wa mtambo mkubwa ni duara pana lililojaa nondo kama kichaka, na katikati unasimamishwa mduara wa bolti ndefu ambazo ndizo zitashika mnara. Zile bolti zinapimwa kwa levo mpaka mtu anachoka, kwa sababu zikilala kidogo tu chini, huko juu mnara mzima umelala. Zege linamwagwa mfululizo bila kusimama mpaka liishe, na mara nyingi wanaanza usiku kukimbia joto. Chukua msingi wa kyubiki 400, yaani mita za ujazo 400, lori la zege linabeba kyubiki 6 mpaka 8, hapo ni malori kati ya 50 na 67 kwa shimo moja, na yakichelewa zege la chini likaanza kushika kabla la juu halijafika umeharibu kila kitu. Kwa hiyo fundi nondo mzuri, fundi zege anayejua kutumia vaibreta, ile mashine ya kutikisa zege, fundi maabara wa kupima zege, wote hao wana kazi pale na wala hawapandi popote.

Kisha inakuja kreni. Vipande vya mnara vinapandishwa kimoja baada ya kingine, halafu kile kichwa chenye jenereta, halafu mapanga. Hapo wanaotakiwa ni opareta wa kreni, watu wa kufunga mizigo na kutoa ishara, na mafundi mekanika wa kufunga bolti kwa mashine za haidroliki. Bolti ikishakazwa kwa kipimo chake inachorwa mstari wa rangi kuanzia kwenye nati mpaka kwenye chuma, ili mkaguzi akija siku nyingine akiona mstari umekatika ajue nati imezunguka. Na upepo ukizidi kiwango kreni inasimama, hata kama bosi ana haraka namna gani, watu mnakaa chini mnasubiri.

Wa mwisho ni watu wa umeme: nyaya za chini ya ardhi, mara nyingi za kilovolti 33, transfoma, kituo cha kupozea umeme, nyaya za faiba za mawasiliano. Na hawa ndio wengi wao wanaobaki baada ya ujenzi, wao na mekanika, kwa sababu mtambo ukishasimama unahitaji watu wachache tu wa kuutunza.

Ndio maana ushauri wangu kwako ni umeme, na kama umeme umejaa basi mekanika. VETA Mtwara ipo na VETA Lindi ipo, nenda kaulize nafasi na usikubali kuishia Level 1, vuta mpaka Level 3. Ukitaka kuendelea zaidi, Chuo cha Ufundi Arusha kina kampasi ya Kikuletwa kule Hai, Kilimanjaro, ambayo imeelekezwa kwenye nishati jadidifu, hiyo iweke akilini kama hatua ya pili.

Lakini nikwambie na upande wa pili, usije kusema sikukwambia. Hapa Tanzania mitambo ya upepo inayolisha watu bado ni michache mno. Mufindi kule Iringa iko mitatu, jumla megawati 2.4, ilianza 2020. Wenzetu wa Kenya wana Ziwa Turkana peke yake mitambo 365, megawati 310. Bwawa letu la Nyerere ni megawati 2,115. Unaona mwenyewe upepo wetu bado uko wapi. Kwa hiyo soma fani ambayo itakulisha kiwanda cha Dangote, bandarini, Madimba kwenye gesi, hata mtaani kwa wiring, huku ukisubiri upepo. Fani ya umeme inakupa hilo.

Kitu kimoja cha pesa: kuna mafunzo ya usalama yanayotambulika dunia nzima kwa kazi hizi, yanaitwa GWO, yana kupanda juu, huduma ya kwanza, moto, kubeba mizigo, na kwa mitambo ya baharini wanaongeza kujiokoa majini. Cheti chake kinaisha baada ya miaka miwili. Sasa wapo vijana wanakimbilia kulipia hicho kabla hawajawa na fani wala dalili ya kazi, kinaisha kikiwa kwenye bahasha. Usifanye hivyo na hela ya korosho ya baba yako.

SWALI: Fundi mimi nachomelea hapa Masasi miaka sasa, mageti, matrela, mageti tena hahaha. Nimejifunzia gereji sina cheti hata kimoja. Ile minara ya upepo ni chuma tupu, si ndio kazi zetu welda? Nifanyeje nipate? (Welda wa Masasi)

JIBU: Kaka, nakuheshimu kwa kazi yako lakini hapa lazima nikwambie ukweli. Ule mnara unakuja umeshachomelewa kiwandani, kwa mashine, na mishono yake imepimwa kwa ndani kuangalia kama ina tundu. Saiti unafungwa kwa bolti. Hata vyuma vya kituo cha umeme vinakuja vimepakwa zinki vimetobolewa tayari, ukiviwekea moto unaunguza zinki na kutu inaanzia hapohapo. Na zile bolti za msingi nilizozisema juu, ukizigusa na ilektrodi hata kidogo tu kushikiza, umeziharibu, joto linaondoa ugumu wake na mkaguzi akiona anazikataa zote. Hili nimelisema kwa nguvu kwa sababu mafundi wetu wa gereji wana mazoea ya kupiga doti kila kitu kisichosimama.

Ila usikate tamaa, saiti kubwa haiendi bila welda. Kuna ndoo za ekskaveta zinapasuka, kuna matrela ya kubebea mapanga, ngazi za muda, vizuizi, matenki, kambi yenyewe ya wafanyakazi. Kuna kuunganisha nyaya za ethi, zile za kupeleka umeme ardhini, kwa ule unga unaowashwa ndani ya kiboksi cha grafaiti, hiyo kazi unajifunza haraka sana ukiwa na mkono wa welda. Wanachotaka ni mtu mwenye karatasi.

Karatasi yako iko karibu kuliko unavyodhani. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi kwa mafundi waliojifunzia kazini kama wewe, hukai darasani miaka, unapimwa unachokijua, pale unapopungukiwa unaelekezwa, ukifaulu unapata cheti. Nenda VETA Mtwara uulize lini wanapima fani ya uchomeleaji. Kabla hujaenda, mwezi mzima acha kuchomelea kwa mazoea, chomelea ukiwa umesimama wima na juu ya kichwa, kata kipande chako upinde uone kama kinavunjika kwenye mshono. Na jifunze kusoma mchoro na zile alama za mishono, hapo ndipo mafundi wa gereji wengi wanapoangukia, mkono wanao ila karatasi wakiwekewa mbele wanakwama.

Ukiniuliza mimi, welda mwenye cheti huku kusini ajira yake kubwa ni mabomba na matenki ya gesi, hapo ndipo weka nguvu, upepo uuchukue ukija.

SWALI: Habari za kazi. Mimi niko Kilwa Masoko natengeneza boti za faiba, na kuziba za wavuvi zilizopasuka. Kuna mtu kaniambia yale mapanga ya umeme wa upepo nayo ni faiba. Ni kweli? Na kama ni kweli mtu kama mimi naweza kufanya? (Fundi boti, Kilwa)

JIBU: Ni kweli kabisa na nimefurahi kupata swali lako, maana watu wote wanafikiria umeme na chuma, fundi faiba hakuna anayemkumbuka.

Panga ni faiba na rezini, ile gundi ya maji inayokauka ikawa ngumu, ndani lina mihimili na sehemu nyingine limejazwa foumu au mbao nyepesi ili liwe gumu bila kuwa zito. Linapigwa jua, mvua, mchanga, radi. Ule ukingo wake wa mbele unaokata upepo unaliwa taratibu, rangi inatoka, halafu faiba inaanza kuonekana, na panga likiwa na ukingo uliochakaa umeme unapungua. Kwa hiyo kuna watu kazi yao ni hiyo tu, kukagua na kutengeneza mapanga, wananing'inia kwa kamba au wanasimama kwenye jukwaa linaloshushwa kwa waya. Na hata wakati wa ujenzi mapanga yanagongwa bandarini na njiani, yanatengenezwa yakiwa chini kabla ya kupandishwa. Hapo chini ndipo mlango wako wewe.

Unachokijua tayari ni kikubwa: kusaga mpaka ufikie faiba nzima, kusafisha vumbi na mafuta, kulaza mati bila kuacha mapovu, kujua rezini imeanza kushika kwa kugusa tu kikombe kilivyopata joto. Mtu wa chuoni anahangaika miezi kuupata huo mkono.

Unachopaswa kubadilisha ni hiki. Kwenye boti mnatumia rezini ya poliesta, na hadena, ile dawa ya kuikausha, unaweza kuicheza, siku ya baridi unaongeza kidogo, siku ya jua unapunguza, boti inakauka salama. Mapanga mengi ni rezini ya epoksi, na epoksi haina huo mchezo, uwiano ni ule uliopigwa kwenye kopo, unapima kwa mizani, ukizidisha hadena haikauki haraka bali inabaki laini milele na kazi yote unaikwangua. Na usithubutu kupaka poliesta juu ya epoksi, haishiki vizuri, inaonekana nzuri leo kesho inabanduka kama ganda. Pia mati ile yenye nyuzi zilizotawanyika hovyo sio ya panga, kule nyuzi zina mwelekeo, ukirudishia kiraka lazima nyuzi zifuate njia ileile ya zamani, tabaka kwa tabaka, na unasaga kwa ngazi pana ili kila tabaka jipya lipate pa kulalia. Unyevu nao, sisi wa pwani tunajua hewa inavyokuwa, kule wanapima unyevu na joto la hewa na kuandika kabla hawajafungua kopo, ukizidi hawafanyi.

Anza hapohapo Kilwa. Nunua mizani ndogo, jizoeze epoksi kwenye kiraka cha boti yako mwenyewe, andika kila kazi: tarehe, rezini gani, uzito, joto, imechukua muda gani kukauka, na picha kabla na baada. Hilo daftari likijaa ni CV kubwa kuliko maneno. Vaa maski ya kweli yenye filta na miwani, ile fulana ya kufunga mdomoni haizuii moshi wa rezini wala vumbi la faiba na mapafu hayana spea. Ukishapata kampuni inayokutaka kwa kazi za kamba, kuna mafunzo ya IRATA, chama cha kimataifa cha kazi za kamba, level 1 unafundishwa siku nne na kupimwa siku moja, halafu kupanda level 2 unahitaji angalau mwaka mmoja na saa 1,000 za kazi zilizoandikwa kwenye logibuku. Kwa mtu aliyezoea kupanda mlingoti hiyo sehemu haitakutisha sana.

SWALI: Mimi ni mama, naishi Mikindani. Binti yangu anasoma umeme VETA na sasa kaingiwa na hamu ya kazi za hiyo mitambo mirefu. Majirani wananiambia hiyo sio kazi ya mtoto wa kike, na mimi kusema kweli naogopa asije akaanguka. Nimkataze?

JIBU: Shikamoo mama. Woga wako ni wa mzazi na siwezi kuudharau, juu ni juu.

Lakini jua kwamba sehemu kubwa ya kazi ya umeme kwenye mradi huo iko chini, kwenye mitaro ya nyaya na kituo cha kupozea umeme. Wanaopanda wanapanda ndani ya mnara, sio kwa nje kama nguzo ya simu. Kuna ngazi, mingine ina lifti, na mtu anavaa mkanda mwili mzima uliofungwa kwenye reli inayomshika akiteleza. Wanakuwa angalau wawili, hapandi mtu peke yake, na wanafundishwa kumshusha mwenzao aliyekwama. Asiye mzima kiafya hapandishwi. Kwa kazi ya umeme yenyewe wanazima, wanaweka kufuli lao na kibao chenye jina, na ufunguo anakaa nao yule aliye kazini mpaka amalize, hakuna mtu wa kuwasha kwa bahati mbaya.

Mwulize binti swali moja mama: kampuni ikikwambia panda bila mkanda au upepo ukiwa mkali, utafanyaje? Akijibu kwamba atakataa hata wakimfukuza, huyo mwache aende. Kuhusu majirani, nguvu inayotakiwa kule ni ya kufuata utaratibu na kuwa makini, na mabinti nilioona kwenye kazi za umeme wanaandika kumbukumbu zao vizuri kuliko wavulana. Akimaliza afuatilie leseni ya kufunga umeme ya EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, hiyo itamlinda kazini na hata akiamua kujitegemea hapo Mikindani.

SWALI: Kuna namba imenitumia meseji wanaajiri mradi wa upepo Singida, mshahara mzuri, natakiwa kutuma elfu 50 ya fomu na vipimo. Nitume?

JIBU: Usitume. Mwajiri wa kweli halipwi na anayeomba kazi. Nafasi za kweli zinatangazwa kwa jina la kampuni na ofisi inayojulikana, na unaweza kujiandikisha kwenye huduma ya ajira ya serikali. Namba hiyo ipeleke polisi na mwambie na mwenzako wa jirani, maana meseji hizi hutumwa mtaa mzima kwa mpigo.

SWALI: Nilifanya kazi wakati wa bomba la gesi, tulikuwa wengi sana, lilipozinduliwa 2015 tukarudi vijijini mikono mitupu. Sasa watoto wanaimbiwa upepo. Si itakuwa vilevile fundi? (Msomaji, Mtwara vijijini)

JIBU: Ndugu yangu umeuliza swali zito na jibu ni kwamba kwa walio wengi ndiyo, itakuwa vilevile. Ujenzi wa mitambo ya upepo ni mwaka mmoja, miwili, halafu watu mamia wanaondoka na wanabaki wachache. Anayemwahidi mtoto ajira ya kudumu kwenye ujenzi anamdanganya. Kinachotofautiana ni mtu anatoka pale na nini mkononi.

Mlivyotoka kwenye bomba wengi wenu mlikuwa mmeshajifunza kazi kubwa, kufunga mizigo, kusoma levo, kuelekeza mashine, ila hakuna karatasi inayosema hivyo. Mradi mwingine ukija mnaanza tena kama vibarua. Hiyo ndiyo imeniuma mimi kwa watu wa kusini, ujuzi tunao lakini hauna pa kuonyeshwa.

Kwa hiyo vijana wakipata nafasi popote, iwe upepo, gesi au barabara, wadai mkataba wa maandishi tangu mwanzo. Sheria inasema saa 45 kwa wiki, zikizidi ni ovataimu na inalipwa mara moja na nusu. Waangalie michango ya NSSF inaingia kweli, usisubiri mwisho ndio ugundue ilikuwa inakatwa haipelekwi. Ukiumia kazini kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, taarifa itolewe mapema. Na siku ya kuondoka mwajiri anatakiwa akupe cheti cha utumishi, hiyo ni haki yako na sio fadhila, omba na barua ya msimamizi inayotaja kazi uliyofanya hasa, mashine gani, muda gani. Ukiachishwa isivyo halali CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inapokea malalamiko ndani ya siku 30, ukikaa nyumbani kusikilizia zinapita.

Na wewe mwenyewe hujachelewa. Kama ulifunga mizigo au uliendesha mashine kule, kwenye ule utaratibu wa kurasimisha ujuzi niliomwelekeza welda wa Masasi kaulize kama fani yako imo, nenda na yeyote aliyekuwa msimamizi wako kama bado yupo Mtwara, au hata picha za zamani ukiwa saiti. Vyeti ukivipata vipige picha ujitumie kwenye email yako mwenyewe, simu zinapotea na bahasha zinaliwa na mchwa.